Vibuyu vya Changarawe

Njaa yangu ni ya nani? Swali hili nimeliuliza nikiwa ndani ya foleni, nimeliuliza nikiwa nje ya foleni, na siku moja nililiuliza kwa sauti mbele ya lori, dereva akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya mvua. Usicheke. Mkono ni wangu kwa sababu ukikatwa nalia mimi. Kivuli ni changu kwa sababu nikihama kinanifuata. Lakini njaa ya nchi yetu ilipimwa, ikaandikwa, ikapigwa picha, ikasafirishwa ng'ambo kwenye vikao vya watu walioshiba, na iliporudi kwetu ilikuwa na alama ambayo sisi wenyewe hatukuijua. Mwenye njaa isiyo na alama alihesabiwa kuwa ameshiba. Hata akianguka njiani, alianguka akiwa ameshiba. Na mchora alama nilikuwa mimi, kwa chaki nyeupe, mlangoni.

Nchi yenyewe sitaitaja. Iliwahi kuwa na jina, likachakaa. Hatukuwa na Jumatatu wala Ijumaa. Tulikuwa na Siku ya Lori, na Siku Baada ya Lori, halafu siku nyingine nyingi zisizo na jina, zilizofuatana kimya kimya mpaka vumbi lionekane tena upande wa bandari. Umri tulihesabu kwa malori. Mimi nina malori mia nne na kidogo. Ulipita wakati lori moja lilifika kabla ya lile lililolitangulia, na msimu ule tulikula cha kesho kwanza, kisha cha jana, na wazee kadhaa wakarudi nyuma kiumri wasijue waamkiwe vipi. Majina nayo yalikwenda. Kila mtu aliitwa namba ya kadi yake. Wake waliwaita waume zao namba, mwanzoni kwa utani. Utani ukaisha, namba ikabaki. Mimi niliitwa Mkaguzi. Katika nchi nzima alikuwepo mtu mmoja tu aliyeniita Makoye, naye ni shangazi yangu, Nyamizi, dada wa baba yangu, kwa sababu jina hilo alinipa yeye na alisema hajaniruhusu kulipoteza.

Sitaki kumsingizia mtu. Lori la kwanza lilikuja katika ukame wa kweli, likaokoa watu wa kweli, mimi nikiwemo. Nililamba unga ule kiganjani na nikalia. Kosa halikuwa lori la kwanza. Mwaka uliofuata mvua ilinyesha, mtama ukasimama mashambani mwekundu kwa wingi, na wiki ile ile ya kuvuna, malori yakaja tena, kwa kuwa huko yalikotoka safari ilishapangwa na nafaka ya wakulima wao ilikuwa inatafuta pa kwenda. Sasa nani anunue mtama wa jirani, na unga wa ng'ambo unagawiwa bure? Mtama ule uliliwa na ndege. Mwaka wa tatu walilima wachache. Mwaka wa nne walilima wale wakaidi tu. Ndipo ikaja kanuni, kanuni nzuri kabisa ukiisoma ukiwa umekaa: chakula ni cha wenye njaa, na nyumba yenye njaa ni ile isiyo na kitu juu ya moto.

Hapo ndipo pa kuelewa mambo yetu. Kwetu mbegu haikai ghalani. Inapakwa majivu, inatiwa kwenye kibuyu, kibuyu kinafungwa kwa gunzi na kuwekwa kwenye kichanja juu ya mafiga, moshi ukipanda uwafukuze fukusi. Na mbegu haitajwi kwa jina mbele ya mwenye njaa, kwa maana kuitaja ni kumtesa. Inaitwa mgeni. Ukiingia nyumba ya mtu ulimwamkia mwenye nyumba, kisha ukauliza, "Na mgeni hajambo?" Ukajibiwa, "Hajambo, amelala." Mlinzi wake ni shangazi wa ukoo. Msichana akiolewa, shangazi alimfungia konzi moja ya mbegu kwenye pindo la kanga, akaenda nayo kwa mumewe. Njaa iume vipi, mgeni hapikwi. Watu waliwahi kufa chini ya kibuyu kilichojaa, na waliobaki walipanda.

Kazi yangu ilikuwa kuingia nyumba kwa nyumba na kupanda juu ya kigoda kuangalia kichanja. Nikikuta kibuyu, nilichora duara mlangoni: nyumba hii ina akiba, hakuna kadi. Nisipokuta, nilichora msalaba: nyumba hii ina njaa, ipewe. Mzunguko wa kwanza nilichora maduara mpaka chaki ikaniishia. Mzunguko wa pili nilichora misalaba, mlango hadi mlango. Watu walikuwa wamempika mgeni. Walimpika mchana, milango wazi, ili nisikie harufu na nisiwe na shaka. Mimi mjinga nilidhani naandika kilichomo ndani ya nyumba. Kumbe nilikuwa naamuru. Nilirudi kwangu nikiwa na vumbi la chaki hadi kwenye kope, na nilipata sifa kwamba hesabu zangu zimenyooka.

Duara moja tu halikufutika. Mlango wa shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Makoye, mbona unaingia na kigoda? Kwangu kuna vigoda."

"Ni cha kazi, shangazi."

"Basi panda. Msalimie mgeni wangu."

Nilipanda. Kibuyu kilikuwa pale, cheusi kwa moshi, kizito. Nilikitikisa sikioni kama nilivyofundishwa. Mtama una sauti laini, kama kanga inapokung'utwa. Nilishuka nikamwambia apike, japo nusu, nitakuja kesho nichore msalaba, apate kadi kama watu. Alikuwa amekonda hata bangili ya shaba ilipanda hadi kwenye kiwiko na kurudi kila alipoinua mkono.

"Nikipika leo," alisema, "nitakula siku ngapi?"

"Kumi. Na baada ya hapo kadi."

"Na kadi ikiisha?"

"Kadi haiishi, shangazi. Malori yanakuja."

"Baba yako naye alikuwa hivi hivi," akasema. "Akishaona kitu mara mbili, anadhani ni jua."

Nikawa nampelekea nusu ya unga wangu, nimeuficha ndani ya mfuko wa chaki, na uji wake ukawa mweupe kupita kiasi. Hakuniuliza kwa nini. Alikunywa, akakohoa, akasema ahsante baba.

*

Kisha akaja Mratibu.

Nilitegemea mtu mwenye kitambi. Alikuwa mwanamke mwembamba, amevaa viatu vilivyoshonwa mara mbili, akijua kuamkia. Alisimama juu ya bodi ya lori na kutuambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kutuambia: kwamba malori yalikosea. Alisema chakula kilikuja mahali pa kulima, kikaja wakati wa kuvuna, kikaja kwa faida ya waliokiuza. Alisema hayo yote huku machozi yanamlengalenga, na hayakuwa ya kuigiza. Nimeona ya kuigiza, nayajua. Kuanzia sasa, alisema, hawataleta nafaka ya ng'ambo. Watanunua kwetu. Matrekta yatalima, na kila nyumba yenye mbegu itapewa shamba na chakula cha kuisukuma hadi mavuno. Nyumba isiyo na mbegu itasubiri awamu nyingine.

Ni yale yale niliyoyaota miaka yote, yamekuja kwa miguu yake yenyewe, hadi mlangoni kwangu. Halafu, mmoja mmoja, watu wakageuza shingo na kunitazama mimi.

"Bwana Mkaguzi," Mratibu aliniita pembeni, "wewe unazijua nyumba. Zina mbegu?"

"Nitazikagua."

"Safari hii tunatafuta kilichopo, siyo kisichopo. Unaelewa tofauti?"

"Naelewa."

Aliniachia chaki mpya. Duara sasa ndilo lililokuwa jema.

Kwilasa, jirani yangu, ambaye namba yake ilikataa kunikaa mdomoni, ndiye aliyeanza. Ni mtu wa maneno mengi, foleni ilikuwa baraza lake. Alikuwa na mke na watoto watatu na mzaha kwa kila msiba. Nilipoingia kwake asubuhi iliyofuata nilikuta kibuyu juu ya kichanja. Kibuyu kipya, bado kina ukijani, kimepakwa masizi kwa haraka na alama za vidole zinaonekana.

"Mgeni hajambo?" nikamuuliza.

"Hajambo, bwana, amelala. Usimwamshe sana."

Nilikitikisa. Kikalia kwa ukali, kama meno ya mtu mwenye homa. Niling'oa gunzi. Changarawe za mtoni, zimechekechwa kwa ungo, zote ukubwa wa punje ya mtama, zimepakwa majivu vizuri. Ilikuwa kazi ya mikono mingi, na ya usiku kucha.

"Kwilasa, hivi ni vijiwe."

"Ni vijiwe," alikubali. "Mkaguzi, ulipotaka kichanja kitupu tulikupa kitupu. Sasa unataka kilichojaa. Sisi tufanyeje, tukubishie?"

Mkewe alikuwa amekaa kwenye kona, mtoto wa mwisho mapajani, na mtoto yule hakuwa akilia. Ukiona mtoto wa njaa halii, umechelewa. Nilimtazama mtoto, nikatazama kibuyu, nikatoka nikachora duara. Nyumba ya pili nayo ilikuwa na kibuyu. Ya tatu. Ya kumi na moja, kwa bibi kipofu, badala ya kibuyu kulikuwa na chungu maana vibuyu viliadimika. Nilitikisa vyote. Nchi nzima ililia sauti moja ile ile kavu, nami nikachora maduara, duara baada ya duara, na mkono wangu ulikuwa umenyooka kama siku zote.

Je, mwongo ni nani? Anayejaza kibuyu mawe, au aliyemfundisha kwamba kichanja chake ni jibu la swali la mtu mwingine? Nilijiuliza hivyo njia nzima. Niliogopa jibu litakuwa na jina langu, lile la zamani.

*

Kwa shangazi nilifika mwisho. Hakusimama, alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na mafiga, moto mdogo unafuka, maana moshi wa mgeni hakuuacha ukatike hata siku moja.

"Shangazi, leo unapata kadi. Na shamba. Kwa sababu ya kibuyu."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mgeni huyu huyu aliyeninyima chakula, leo ndiye ananipa?" Kisha akauliza, "Nyumba ngapi zina mgeni, Makoye?"

"Zote."

"Zote." Alijiinua kwa kiwiko. "Nani aliwagawia? Mimi sijamfungia mtu konzi tangu malori yalipoanza kuja."

Alinisoma usoni kama alivyonisoma nilipokuwa mtoto nimevunja kitu.

"Kamwambie yule mama," akasema. "Mwambie ukweli wote. Halafu waite watu hapa. Hiki kibuyu kinatosha konzi moja moja kwa nyumba arobaini. Msimu huu arobaini, msimu ujao wote. Ndivyo tulivyofanya baada ya nzige."

"Nikimwambia, matrekta yatageuza. Na chakula kitageuza. Watakufa mwezi huu, shangazi. Mtoto wa Kwilasa hafiki Jumamosi." Nilishangaa nimesema Jumamosi.

"Na wakipanda mawe?"

"Watakuwa wamekula miezi minne."

"Kwa hiyo watakufa wameshiba." Akalala tena. "Haya. Wewe ndiye mkaguzi."

Nilitaka anikataze. Nilikaa pale nikisubiri anikataze, mtu mzima, malori mia nne, nasubiri shangazi aseme hapana ili niwe na wa kumlaumu. Hakusema. Niliondoka, na kwa Mratibu sikwenda.

*

Siku ya kupanda ilikuwa nzuri, hilo nalikumbuka kwa uchungu. Udongo ulikuwa umepinduliwa, mweusi, na watu walikuwa wamekula siku tatu mfululizo. Hata mtoto wa Kwilasa alilia, akalia kwa nguvu, watu wakampigia vigelegele. Kila nyumba ilikuja na kibuyu chake. Ndipo Mratibu, kwa moyo wake wa haki, akasema jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelitegemea: mbegu zisipandwe kila nyumba peke yake. Mbegu zote zimwagwe juu ya turubai moja, zichanganywe, kila mtu agawiwe sawa, asiwepo wa mbegu bora na wa mbegu hafifu.

Nani angepinga? Tulimwaga. Changarawe zilishuka kwa kishindo, kijivu juu ya kijivu, rundo likapanda hadi magotini. Shangazi alikuwa amebebwa na kuketishwa kwenye kigoda changu, kibuyu kifuani.

"Na wewe, bibi," Mratibu alisema kwa upole.

Shangazi aliwatazama watu. Angesema neno moja tu, siku yote ingeporomoka. Alimtazama yule mtoto aliyekuwa analia. Kisha akang'oa gunzi kwa meno na kumwaga, polepole, na ile sauti laini tuliisikia sote, na nyuso zikageuka upande. Watu wazima walikuwa wanalia bila kufuta macho. Majembe yakachanganya.

Mratibu aliinama, akachota, akasugua kiganjani. Aliponitazama nikajua amejua.

"Ngumu," alisema taratibu. "Mbegu imara."

"Mama," nilianza.

"Bwana Mkaguzi," alinikatiza kwa sauti ya chini, "na mimi nina kichanja changu. Na mimi kuna anayekuja kukikagua." Akajifuta majivu kwenye sketi na kuamuru ugawaji uanze.

Tulipanda. Mistari mirefu ya watu walioinama, jembe, shimo, konzi, unyayo wa kufukia. Tuliimba na wimbo wa kupanda, ambao sikujua kama tunaukumbuka. Nilikuwa nimefika katikati ya mstari nilipoona kwamba wimbo unakatika katika. Unaanza kwa huyu, unakatika. Unaanza kwa yule, unakatika. Niliinua kichwa. Mataya yalikuwa yanatembea. Kila aliyepata punje kati ya mawe alikuwa anaipeleka mdomoni, haraka, kama mtu anayejifuta jasho. Si kwa njaa. Walikuwa wamekula asubuhi. Ilikuwa mikono tu, mikono imezoea. Nilitaka kupiga kelele. Nilitazama kiganja changu, na kati ya vijiwe niliona punje moja, nyekundu chini ya majivu. Niliitafuna. Bado nilikuwa nimekunja uso kwa hasira dhidi yao nilipokuwa naitafuna.

Mwisho wa shamba, kwenye kigoda, shangazi aliniona. Mapajani alikuwa na konzi yake kama sisi sote, ameufumba mkono wa kushoto, na kwa wa kulia alikuwa anapapasa punje kwa ncha za vidole, anatenga. Taya lake halikutembea. Alipomaliza alijiangusha kutoka kwenye kigoda, akatambaa, akatoboa udongo kwa kidole mara saba.

Jioni nilimbeba mgongoni. Alikuwa mwepesi kuliko kibuyu.

"Ulikula?" aliniuliza sikioni.

"Nilikula, shangazi."

"Ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa tamu."

"Basi kalinde zile nyingine, Makoye." Mvua hakuingoja. Tulimzika Siku Isiyo na Jina. Moto wake ulizimika na sikuona sababu ya kuuwasha.

*

Mvua ilinyesha vizuri. Tambarare nzima ilikaa nyeusi, imelowa, tupu, changarawe zimeoshwa zinang'aa, na watu walikuja kuzitazama, wakarudi. Miezi minne ilipoisha, vumbi likaonekana upande wa bandari. Malori yamerudi. Wanasema mageuzi yalijaribiwa na ardhi yetu ikayashinda. Kwilasa ameshika nafasi mapema, mwanawe begani. Aliniita, akasema amenitunzia mahali mbele yake. Sikwenda. Mkaguzi ni mwingine sasa.

Mimi niko huku mwisho wa shamba, kwenye kigoda. Punje za shangazi zimeota zote saba. Mabua yamenizidi kimo, masuke yanaanza kuinama. Nikifika mavuno, nina kibuyu kimoja, nina konzi za nyumba kadhaa, na najua kuzifunga kwenye kanga maana nimeona zikifungwa. Nimejiapiza. Nina fimbo. Ndege nawafukuza, na jirani bado hajakuja, wote wako kwenye foleni, naisikia ikivuma huko chini. Bua bichi la mtama lina sukari, hilo sikulijua. Au nililijua nikiwa mdogo.

Asubuhi yalikuwa saba. Sasa nahesabu sita, narudia, sita. Na tangu asubuhi hajapita mtu hapa.